Bagamoyo Huanzia Kaole

Miongoni mwa miji ya kale ya pwani yetu hakuna ulio karibu na Dar es Salaam kama Bagamoyo, na pengine ni ukaribu huo huo uliouponza. Kwani kilomita sabini na kitu za lami humfanya mtu adhani kuwa safari yake haihitaji mashauri, akaondoka nyumbani saa nne ya asubuhi baada ya kustaftahi kwa nafasi, akafika adhuhuri jua limesimama utosini, akatafuta kivuli na soda baridi ufukweni, akapigwa picha mbili tatu mbele ya mlango wa nakshi, kisha akarejea kwake akihadithia kwamba Bagamoyo ameiona. Hakuiona. Alichokiona ni bahari, ambayo hata Kunduchi ipo.

Mwenye azma ya kuutembelea mji huu kwa siku moja, na kuutendea haki, hana budi aamue kwanza ataanzia wapi; na rai ya mwandishi huyu ni kwamba aanzie Kaole, mwendo wa kilomita tano hivi kusini ya mji, kwa sababu mbili, moja ya jua na moja ya historia. Ile ya jua haina haja ya maelezo mengi, maana magofu hayana paa, na afikaye saa sita atayatazama kwa jicho moja huku la pili likitafuta njia ya kutokea. Ya historia ndiyo kubwa. Mgeni anayeingilia mjini hukutana kwanza na Boma la Wadachi, yaani Wajerumani, ngome, na habari za watumwa na wamisionari, akatoka akiamini kuwa watu wa hapa waliijua dunia siku walipofikiwa na majahazi na meli za karne ya 19. Ilhali Kaole palikuwa na mji wa Waislamu, wenye misikiti ya mawe na biashara ya ng'ambo, karne kadhaa kabla Bagamoyo haijawa na jina la kutajwa.

Kwa hiyo na aondoke Dar es Salaam alfajiri, baada tu ya sala. Mabasi ya Bagamoyo hupakia katika stendi ya Makumbusho, na njia ni moja tu: Mwenge, Tegeta, Boko, Bunju, kisha Mapinga, Kerege na Zinga, ambako nyumba hupungua na minazi na mikorosho ikazidi. Asubuhi foleni ya magari huwa upande wa wanaoingia mjini, nawe unatoka. Hiyo peke yake yatosha kuwa faida ya kuamka mapema. Ukishuka stendi ya Bagamoyo utapata bodaboda na bajaji za Kaole. Patana nauli kabla hujapanda, na ukiwa na familia mwombe dereva akungoje au aahidi saa ya kurudi kukuchukua, maana huko magofuni vyombo havipiti kila dakika.

Kaole yenyewe si kubwa. Ni uwanja wenye miti, mabaki ya misikiti miwili, na makaburi ishirini na mawili hivi, yote yakiwa yamejengwa kwa matumbawe na chokaa. Msikiti ulio mkongwe zaidi hunasibishwa na karne ya 13. Simama pale palipokuwa mihrabu, uelekee kibla, ndipo utambue udogo wa jengo na kadiri ya watu waliosimama safu moja baada ya safu kabla bahari haijawageuka. Uchimbaji wa kitaalamu ulifanywa hapa mwaka 1958 na Neville Chittick, na baadhi ya vilivyopatikana, vikiwamo vipande vya kaure ya Kichina, vimewekwa katika jumba dogo la makumbusho pale pale. Usilipite jumba hilo haraka. Kipande cha bakuli la rangi ya kijani kibichi, kisichozidi kiganja cha mtoto, kilifinyangwa China, kikavushwa Bahari ya Hindi kwa pepo za msimu, kikaishia mikononi mwa mtu wa Kaole aliyekuwa na uwezo wa kukinunua. Na baadhi ya vyombo vya namna hiyo wajenzi wa pwani walivipachika katika nguzo za makaburi ya wakubwa wao, ili apitaye ajue kuwa aliyelala hapo alikuwa mtu na mali yake.

Kiongozi atakuonyesha pia mbuyu mkubwa, akuambie kuwa anayeuzunguka huongezewa umri, na kaburi la Sharifa ambalo watu hulizuru hata leo kwa dua. La mbuyu lichukue upendavyo. La kaburi litake adabu: vua viatu, punguza sauti, wala usimpige picha mtu aliyeinua mikono akiomba.

Jambo moja litakushangaza, nalo ni kuwa katika bandari hii ya zamani hutaiona bahari. Mikoko imeziba, tope likajaa, na maji yakasogea. Hata hivyo Kaole haikufa kwa siku moja. Richard Burton na John Speke walipovuka kutoka Unguja mwaka 1857 kwenda kuyatafuta maziwa ya bara, hapa ndipo walipoteremka, kulikokuwa na kikosi cha Sultani wa Unguja. Bagamoyo ndiyo iliyokuja kuirithi.

Kutoka Kaole na aende Misheni, upande wa pili wa mji. Mapadri wa Roho Mtakatifu walihamia hapa kutoka Unguja mwaka 1868, wakawakomboa watumwa kwa kuwanunua, wakawajengea kijiji na kuwafunza kilimo na ufundi. Na makumbusho yaliyomo humo yamepangwa kwa uangalifu kuliko mengi ya nchi hii. Njia ya miembe mikubwa itokayo pwani hadi kanisani ina kivuli cha kumpumzisha mtu, na hapo watoto waliokwisha kuchoka na magofu wapewe nafasi yao.

Watu wengi huja Misheni kwa ajili ya mnara wa kanisa la zamani ulioitwa kwa jina la Livingstone, wakidhani kuwa aliishi hapa. Aliletwa maiti. Alifariki mwezi Mei mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, nao watumishi wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, wakauzika moyo wake chini ya mti, wakamkausha kwa chumvi na jua, wakamzungushia nguo na gome la mti, wakambeba zaidi ya maili elfu moja kwa miguu, wengine wakifia njiani, hata wakafika Bagamoyo mwezi Februari 1874. Kesho yake alivushwa Unguja, na mwezi Aprili akazikwa Westminster Abbey, mjini London. Susi na Chuma hawakuwapo mazikoni. Mmoja tu wa wale wabebaji, Jacob Wainwright, ndiye aliyesafiri na jeneza hadi Uingereza. Ikiwa mnara ulistahili kupewa jina kwa ajili ya kisa hiki, basi kwa maoni yangu walistahili kutajwa kwanza waliobeba.

Adhuhuri itakuwa imefika. Siku ya Ijumaa ujue kuwa mambo mengi mjini hupoa hadi watu watoke msikitini, nawe utumie wakati huo kula. Chakula si tatizo Bagamoyo: wali wa nazi, samaki wa kupaka, pweza, mihogo.

Alasiri ndiyo ya mjini. Ingia katika nyumba ya misafara, ambako wapagazi waliotua mizigo walipumzika, na hapo ujiepushe na kosa linaloandikwa hata vitabuni, la kudhani kuwa kila aliyebeba pembe kutoka Ujiji na Tabora alikuwa mtumwa. Watumwa walipita, tena wengi, na dhuluma hiyo haifutiki. Lakini maelfu ya Wanyamwezi walikuwa wapagazi wa ujira, waliojua thamani ya migongo yao, wakabishana na matajiri juu ya posho na kugoma ilipopunguzwa. Kwao Bagamoyo ilikuwa mwisho wa taabu na mwanzo wa matumizi. Tembea kisha Barabara ya India utazame milango na baraza za wafanyabiashara. Mmoja wao, Sewa Haji, aliyefariki 1897, alitoa mali nyingi kwa shule na hospitali, na wanaokwenda Muhimbili hulitaja jina lake kila siku kwa kuulizia wodi, bila ya kujua kuwa alikuwa mtu wa hapa.

Mkasa wa kipindi cha Wadachi umejikusanya wote katika mwezi mmoja wa Desemba 1889. Tarehe 4 msafiri Stanley aliwasili kutoka bara pamoja na Emin Pasha, gavana aliyekwenda kumwokoa huko, ikaandaliwa karamu kubwa, na usiku ule ule Emin, ambaye macho yake yalikuwa dhaifu, akaanguka kutoka dirishani ghorofani, akavunjika fuvu, akanusurika. Tarehe 15 Abushiri bin Salim, aliyekuwa ameiongoza pwani kuipinga kampuni ya Kijerumani tangu mwaka uliotangulia, alinyongwa Pangani. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya utawala wa Wadachi hadi 1891, kisha ikaachwa. Kina cha maji yake hakikufaa meli kubwa, na reli ilipoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914, misafara ya miguu haikuwa na kazi tena. Utulivu unaousikia leo katika vichochoro chanzo chake ni hicho.

Limebaki suala la bahari, na hapa mpangaji wa safari atazame kalenda ya mwezi kabla ya kutazama ile ya ukutani. Ufuo wa Bagamoyo ni tambarare. Maji yakipwa huenda mbali, ukabaki mchanga wenye tope. Siku za bamvua, yaani mwezi uandamapo na unapokuwa mpevu, maji hupwa kiasi cha saa nne asubuhi na kujaa kiasi cha saa kumi alasiri, na hizo ndizo siku za kuchagua kwa anayetaka kuoga baada ya matembezi. Asitaraji maji ya zumaridi kama ya Unguja ya mashariki, kwani mto Ruvu humwaga udongo wake karibu na mji. Masika, Machi hadi Mei, ni bora kuahirisha.

Ukiwa pwani usikose mnada wa samaki. Mashua zikitia nanga vijana huingia majini hadi kiunoni, wakatoka na matenga begani. Samaki humwagwa, hugawanywa mafungu, na dalali hutaja bei kwa haraka ambayo mgeni haifuati, akimwona mnunuzi kwa ishara ya nyusi tu. Kando kina mama na vijana wameshachemsha mafuta katika makarai, na vibua na ngisi huliwa vikiwa moto, kwa chumvi, ndimu na pilipili.

Magharibi isikukute ukiwa bado unatafuta basi, hasa Jumapili, ambapo foleni kuanzia Bunju hadi Mwenge humaliza subira ya mtu mwema. Na kama umenunua samaki wa kupeleka nyumbani, uwe umekuja na ndoo yenye kifuniko na barafu ndani yake. Makondakta wa njia hii wana uvumilivu mwingi, lakini si kwa samaki anayetona maji juu ya viti vya abiria.