Nyumba ikiungua na kazi imeungua: Somo la Vamizi kwa wanaodhani ofisi ni jengo

Na Mwandishi Wetu

MWAKA 2020 vyombo vya habari vya dunia viliimba wimbo mmoja: ofisi zimefungwa, watu wamerudi kufanyia kazi nyumbani. Picha nazo zilifanana. Meza ya kulia chakula, kompyuta ndogo, kikombe cha kahawa, na mtoto anayekatiza mkutano wa mtandaoni. Kilichofuata ni mafundisho ya namna ya kuchagua kiti kisichoumiza mgongo na namna ya kutenga chumba cha kazi.

Mama anayenunua ng'onda Palma ili akauze Mtwara, au kijana anayevusha mafungu ya nyanya Busia, alisikiliza habari hizo kama anayesikiliza mambo ya sayari nyingine. Ofisi iliyofungwa haikuwa yake. Na nyumbani alikoambiwa arudi hakuwahi kukuacha: ndiko anakohesabia fedha, ndiko anakohifadhia mzigo, ndiko anakopigia simu za wateja.

Makala haya yanaangalia dhana hiyo ya vyombo vya habari, kwamba kazi halisi hufanyika ofisini na kwamba kuifanyia nyumbani ni jambo jipya. Kituo chetu ni kisiwa cha Vamizi, kaskazini mwa Cabo Delgado, ambako dhana hiyo imewagharimu watu zaidi ya maneno.

Kisiwa chenye sura mbili

Vamizi ni kisiwa chembamba cha urefu wa takriban kilomita 12, katika mlolongo wa visiwa vya Quirimbas, wilaya ya Palma. Kutoka hapo mpaka mdomo wa mto Ruvuma si safari ndefu kwa mashua yenye upepo mzuri. Wenyeji wa pwani hiyo ni Wamwani, na lugha yao, Kimwani, ni jirani wa karibu wa Kiswahili. Kwa miaka mingi wavuvi wa Tanzania na wa Nampula wamekuwa wakipiga kambi kisiwani kwa misimu, wakivua pamoja na wenyeji na kuuza pamoja nao.

Katika kurasa za utalii za Ulaya, Vamizi ilikuwa na sura nyingine kabisa: nyumba za kifahari, mchanga mweupe, matumbawe na kasa wanaotaga mayai. Watu wa kijijini walionekana kwa mbali, nyuma ya picha, wakiwa na ngalawa zao kama sehemu ya mandhari. Kazi iliyotajwa ni ile ya hotelini tu, kwa kuwa ilikuwa na mwajiri, sare na mshahara.

Lakini ukihesabu kazi ya kisiwa kama hiki kwa macho ya mfanyabiashara, utaanzia mlangoni mwa kila nyumba. Samaki huletwa ufukweni, hupasuliwa, hutiwa chumvi na kuanikwa juu ya chanja uani. Pweza anayekamatwa na wanawake wakati wa maji kupwa hupigwa, huchemshwa au hukaushwa pale pale nyumbani. Ukili husukwa barazani huku mazungumzo yakiendelea. Nyavu hushonwa chini ya mti. Mnunuzi akifika haulizi ofisi ilipo. Anauliza nyumba ya fulani.

Kwa hiyo nyumba ya pwani ni karakana, ghala, duka na benki kwa wakati mmoja. Haikuwa hivyo kwa sababu ya korona. Imekuwa hivyo tangu zama za majahazi ya pepo za kusi na kaskazi.

Septemba 2020

Msumbiji ilianza hali ya dharura ya korona tarehe 1 Aprili 2020. Wakati huo Cabo Delgado ilikuwa tayari na balaa jingine, uasi wa kutumia silaha ulioanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017. Agosti 2020 waasi waliuteka mji huo pamoja na bandari yake. Mwezi uliofuata wakafika Vamizi kwa boti, wakawafukuza wenyeji na kuchoma nyumba na hoteli.

Hapo ndipo dhana ya vyombo vya habari ilipojidhihirisha. Baadhi ya magazeti ya Uingereza yalitangaza kwamba kisiwa cha mapumziko ya watu mashuhuri kimevamiwa. Habari ikawa hoteli. Msomaji wa London alijua ni wageni gani maarufu waliowahi kulala pale, lakini hakuambiwa ni chanja ngapi za samaki zilizoteketea, ni mizigo mingapi iliyokuwa ikingoja mashua ya kwenda kaskazini, wala ni madeni mangapi kati ya mvuvi na mnunuzi yaliyopotea siku hiyo.

Mhariri aliyezoea kuona kazi katika jengo lenye kibao mlangoni ataandika kwamba nyumba za kijiji zimeungua na ajira za hoteli zimepotea. Atakuwa ametenganisha vitu viwili ambavyo kwa mwenyeji ni kitu kimoja. Karani wa Maputo ofisi yake ikifungwa, anabeba kompyuta anaenda nyumbani. Mwanamke wa Vamizi nyumba yake ikichomwa, hana pa kupeleka kazi, kwa sababu kazi ilikuwa ndani ya nyumba.

Oktoba mwaka huo ufukwe wa Paquitequete, katika mji wa Pemba, ulipokea zaidi ya watu 10,000 waliokimbia kwa mashua katika muda wa wiki chache. Machi 24, 2021 mji wa Palma ukashambuliwa na mawasiliano ya simu yakakatika. Mfanyabiashara wa Mtwara aliyekuwa na fedha zake kwa mshirika wa Palma hakuwa na namna ya kujua kama mshirika yuko hai. Baadaye idadi ya waliohama makazi yao katika mkoa mzima ilikaribia milioni moja.

Takwimu zinasema nini

Yaliyotokea Vamizi yanaakisi hesabu ya dunia ambayo mara nyingi husomwa nusu nusu.

Mwaka 2020 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago, Jonathan Dingel na Brent Neiman, walikadiria kwamba asilimia 37 ya kazi za Marekani zinaweza kufanyiwa nyumbani moja kwa moja. Walionyesha pia kwamba kiwango hicho hushuka kadiri nchi inavyokuwa maskini. Kwa kipimo chao hiyo ni kweli, maana walikuwa wanauliza ni kazi zipi zinaweza kuhamishwa kutoka ofisini. Tatizo ni namna jibu lilivyopokelewa: Afrika ikaonekana mahali ambapo watu hawawezi kufanyia kazi nyumbani.

Shirika la Kazi Duniani (ILO) liliuliza swali tofauti. Katika ripoti yake ya Januari 2021 lilikadiria kwamba mwaka 2019, kabla ya korona, watu wapatao milioni 260 duniani walikuwa tayari wanafanyia kazi nyumbani, sawa na asilimia 7.9 ya wote waliokuwa na kazi. Kati yao milioni 147 walikuwa wanawake. Shirika hilo hilo lilikuwa limeeleza mwaka 2018 kwamba asilimia 85.8 ya ajira barani Afrika iko katika sekta isiyo rasmi.

Hata hivyo, sheria za kimataifa nazo zina kasoro yake. Mkataba namba 177 wa ILO, uliopitishwa mwaka 1996 kuwalinda wanaofanyia kazi nyumbani, unamhusu mtu anayemtengenezea mwajiri bidhaa kwa malipo. Anayejitegemea, anayenunua samaki kwa fedha yake na kuuza kwa hatari yake, hayumo. Na nchi zilizouridhia mkataba huo ni chache.

Walioambiwa walale kazini

Mipaka mingine ya kanda yetu ilipata somo hilo hilo kwa njia tofauti.

Nchini Kenya, Machi 15, 2020 Rais Uhuru Kenyatta aliwahimiza waajiri kuwaruhusu wafanyakazi wafanyie kazi nyumbani pale inapowezekana. Wiki chache baadaye madereva wa malori walikuwa wamekwama kwenye foleni za Malaba na Busia wakisubiri vipimo, wakilala chini ya malori yao. Kazi ya ofisini Nairobi ilihamia sebuleni. Kazi iliyolisha sebule hiyo ilibaki barabarani.

Uganda ilifanya kinyume kabisa cha habari za dunia. Mwezi huo huo Rais Yoweri Museveni aliagiza wauzaji wa vyakula walale masokoni badala ya kurudi nyumbani kila siku. Wakati magazeti yanaandika juu ya watu kupeleka kazi nyumbani, wanawake wa Kampala walikuwa wanapeleka vyandarua na magodoro kazini. Kisha Mei, Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa na kampuni ya Jumia wakawaunganisha wachuuzi wa masoko na wateja kwa njia ya programu ya simu.

Mfano ulio karibu zaidi na biashara ya mpakani ni wa Goma na Rubavu. Rwanda ilifunga mipaka Machi 2020, na watu waliokuwa wakivuka kila siku kwa miguu wakizuiwa, wafanyabiashara walijipanga katika vikundi. Mizigo midogo ya wengi iliunganishwa katika lori moja, bei zikapatanwa kwa simu, na kila mtu akabaki upande wake. Huko ndiko kufanyia kazi nyumbani kwa maana kamili, ingawa hakuna aliyewapiga picha wakiwa na vikombe vya kahawa. Kulikuwa na gharama pia: msafirishaji na dalali wakachukua sehemu ya faida ambayo zamani ilibaki kwa mwenye kapu.

Swali la ofisi mpakani

Huenda msomaji akaona haya ni maneno ya waandishi tu. Sivyo. Dhana ya gazeti ikizoeleka huingia kwenye fomu, na fomu ndiyo inayoamua nani anavuka na nani anarudishwa.

Mtu akiombwa anuani ya biashara na mkataba wa pango la ofisi, anayefanyia kazi nyumbani huonekana mbabaishaji. Tanzania ilijaribu kuliziba pengo hilo Desemba 2018, ilipoanza kutoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000. Kulikuwa na malalamiko kuhusu utekelezaji wake, lakini msingi wake ulikuwa sahihi: kumtambua mtu kwa biashara anayofanya, hata kama hana chumba cha kupanga.

Kwa wanaokwenda Msumbiji kuna ugumu wa ziada. Cheti rahisi cha uasilia wa bidhaa, kinachotumika ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, hakivuki Ruvuma, kwa sababu Msumbiji si mwanachama wa Jumuiya. Tanzania na Msumbiji hukutana katika SADC. Daraja la Umoja la Mtambaswala na Negomano lilifunguliwa mwaka 2010, lakini mama wa ng'onda bado anahitaji utaratibu unaomfaa yeye pamoja na kapu lake.

Suala hili lina haraka. Mwishoni mwa 2025 kampuni ya TotalEnergies iliondoa zuio la dharura ililoliweka Aprili 2021 kwenye mradi wake wa gesi wa Afungi, karibu na Palma. Kurasa za biashara zitajaa tena habari za ajira, mikataba na ofisi. Itakuwa rahisi kupima uhai wa pwani hiyo kwa idadi ya wanaoingia kwenye lango la Afungi na kuwasahau wanaorejea vijijini kujenga upya nyumba ambazo pia ni maghala.

La kufanya

Kwa wafanyabiashara, yaliyotokea Cabo Delgado yanafundisha mambo ya kawaida lakini ya maana. Usiweke mzigo wote na fedha zote chini ya paa moja. Andika madeni, kisha piga picha daftari na umtumie mtu unayemwamini upande wa pili wa mpaka. Mapatano yaliyofanywa kwa sauti ya simu yasifutwe. Na jiunge na kikundi, maana Goma na Rubavu walionyesha kwamba mpaka ukifungwa, mwenye wenzake ndiye anayeendelea kuuza.

Kwa wanaopanga misaada na fidia, swali la kumuuliza mkimbizi aliyerejea lisiwe tu "nyumba yako ilikuwa na vyumba vingapi?" Aulizwe pia uani mwake kulikuwa na nini: chanja, nyavu, mapipa ya chumvi, mzigo wa nani. Akijengewa kuta bila vitu hivyo, amerudishiwa mahali pa kulala, na kazi yake bado haijarudi.

Na kwa sisi wa vyombo vya habari, siku tutakapoandika tena kwamba watu wanahamia kufanyia kazi nyumbani, tutaje ni watu gani. Wengi wa wanaosoma ukurasa huu hawajahama popote.