Sare ya Shule Iliyohifadhiwa: Yatokeayo Ndani ya Sanduku

Watu wengi waliopata kusoma shule za sekondari katika Afrika Mashariki wamehifadhi vazi moja au mawili ya siku hizo, hata wale ambao sasa wana watoto wenye umri wa kuvaa sare kama hizo. Aghalabu huwa ni sweta lenye rangi za shule, au tai, au shati jeupe ambalo wenzao waliliandika majina kwa kalamu siku ya kumaliza kidato cha nne. Vazi hilo halimtoshi tena mwenyewe. Hata hivyo halitolewi sadaka, wala halifanywi tambara. Hukaa chini kabisa ya sanduku, na mwenyewe hudhani kwamba madhali haliguswi, halibadiliki. Dhana hiyo si sahihi, na katika hali moja inaweza kuwa ya hatari.

Sababu za kulihifadhi zinaeleweka. David Rubin na wenzake walionyesha mwaka 1986 kwamba watu wazima wakiombwa kusimulia mambo ya maisha yao, hukumbuka mengi kupita kiasi ya ujana wao, yaani tangu umri wa miaka 10 hivi hadi 30. Mwaka 1990 Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha majaribio ambamo baadhi ya wanafunzi walipewa vikombe viwe mali yao. Hao walidai bei iliyokaribia mara mbili ya ile ambayo wenzao wasiopewa walikuwa tayari kulipa. Ikiwa kikombe cha dakika chache hupanda thamani namna hiyo, si ajabu kwamba sweta la miaka minne huwa halina bei. Tena kuna harufu. Habari za pua hufika kwenye sehemu za ubongo zinazohusika na hisia na kumbukumbu kwa njia fupi kuliko habari za macho na masikio. Ndiyo maana wengine hawataki hata kulifua vazi hilo, na hapo ndipo uharibifu unapoanzia.

Shati la pamba ni selulosi, yaani minyororo mirefu ya molekuli za sukari zilizoshikana. Minyororo hiyo ikikatika, uzi hudhoofika na kugeuka rangi. Inakatwa na asidi, na oksijeni, na mwanga. Na chuma huiharakisha kazi hiyo. Sanduku la bati, ambalo wanafunzi wa bweni huliita tranka, likishika kutu huacha doa la kahawia kwenye nguo, na papo hapo penye doa ndipo shati linapoanza kutoboka. Wengine hutandika magazeti ili kuzuia kutu. Karatasi ya gazeti hutokana na mbao zilizosagwa pamoja na lignini yake, ambayo ikizeeka hutoa asidi. Umanjano wa gazeti kuukuu ni dalili ya mabadiliko hayo, na asidi hiyo haibaki kwenye karatasi peke yake, bali huhamia kwenye kitambaa kinachoigusa.

Shati lililofuliwa kwa haraka huonekana safi kwa kuwa mafuta ya ngozi yaliyobaki ukosini na makwapani bado hayana rangi. Baada ya muda mafuta hayo huungana na oksijeni, yakawa manjano. Buluu ya kufulia haiuondoi umanjano huo; hulidanganya jicho tu. Wanga uliotiwa ili shati lisimame vizuri siku ya gwaride ni chakula cha mende. Poliesta, ambayo wengi waliijua dukani kwa jina la tetroni, haina maadui wengi hivyo, lakini mpira wa kiunoni wa bukta za michezo hukauka na kukatika kabla ya kitambaa chenyewe.

Sweta lataka uchunguzi wake. Kama ni la sufu, limeumbwa kwa keratini, protini ile ile ya nywele na kucha, na viwavi wa nondo wa nguo ni miongoni mwa wadudu wachache wawezao kuimeng'enya. Nondo mzima anayeruka hali kitu. Anayekula ni kiwavi, naye hustawi zaidi penye jasho na mabaki ya chakula. Lakini masweta mengi ya shule ni ya akriliki, ambayo haimlishi kiwavi. Kuzitofautisha ni rahisi: achomolewe uzi mmoja kwenye upindo wa ndani, ushikwe kwa koleo, uchomwe mbali na nguo. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha jivu la kupukutika. Akriliki huyeyuka na kuacha punje nyeusi ngumu.

Jaribio hilo dogo lina faida kubwa, kwa sababu watu hutia vidonge vyeupe vya naftalini katika kila sanduku, hata lile lisilo na uzi hata mmoja wa sufu. Naftalini hugeuka mvuke bila kupitia hali ya umajimaji, na mvuke huo hushika nguo. Sasa, sweta la zamani likitolewa sandukuni kwa furaha ili kumfunika mtoto mchanga, mtoto huvuta mvuke ule, na ngozi yake huupokea, hasa ikiwa imepakwa mafuta. Watu wengi katika nchi zenye malaria wamerithi upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na wavulana huathirika zaidi. Mwenye upungufu huo akipatwa na naftalini, chembe zake nyekundu za damu hupasuka. Mtoto hupungukiwa damu, macho na ngozi huwa vya manjano, na bilirubini ikizidi huweza kuudhuru ubongo daima. Nguo iliyokaa na naftalini isimguse mtoto mchanga, hata ikiwa imefuliwa, kwani naftalini haiyeyuki vizuri katika maji. Mtoto aliyekwisha kufunikwa na akaonyesha umanjano apelekwe hospitali mara moja, na mganga aambiwe habari za vidonge.

Kwa sweta la sufu, lifuliwe, likaushwe kabisa, na kama ipo friza, litiwe ndani ya mfuko uliofungwa kwa wiki mbili katika nyuzi 18 chini ya sifuri. Nguo nyingine hazihitaji dawa. Zifuliwe bila wanga, zisuuzwe sana, zikauke barabara, kisha zifungwe katika bafta iliyofuliwa. Mfuko wa plastiki haufai mahali kama Tanga au Mombasa, kwa kuwa unyevu ulionaswa ndani yake ukizidi kama asilimia 70 huotesha ukungu.

Shati lenye majina ndilo gumu kuliko yote, maana linahitaji kufuliwa na huenda maandishi yasistahimili. Wino wa kalamu ya kawaida una mafuta na haukimbilii maji, lakini huyeyuka katika spiriti na hufifia juani. Wino wa kalamu nene za rangi huweza kutawanyika mara moja. Herufi moja iliyo pembeni ikandamizwe kwa kitambaa cheupe chenye maji. Kikipata rangi, shati lisifuliwe zima: ukosi na makwapa pekee ndiyo yasafishwe, kisha lianikwe kivulini, na kila mwaka likunjwe mahali pengine, kwani nyuzi hukatika kwanza penye mkunjo.