Slafkovský: galasa au mashine?

Wadau, mashabiki wa Montreal Canadiens walibishana kweli juu ya huyu dogo wa Slovakia. Mwaka 2022 timu ilimchagua wa kwanza kati ya vijana wote walioingia NHL, ligi kubwa ya hoki ya barafuni. Msimu wa kwanza: mechi 39, magoli 4, akaumia. Basi, galasa! Wengine wakataka ashushwe timu ndogo. Jamani, miaka 18! Tena katokea Ufini, viwanja vipana; NHL nafasi finyu, unagongwa hujainua kichwa. Msimu wa 2023-24 akapangwa na Suzuki na Caufield, magoli 20. Julai 2024 akasaini miaka 8, dola milioni 60.8. Msimu uliofuata magoli 18, ubishi ukarudi. Mi bado namuamini. Nyie je?