Vipimo 95 na imani ya watu wa Kigali

Namba moja ya Kigali imenikaa kichwani na haitoki: 95.

Niliikuta nikitafuta jambo jingine, katika habari za Februari 2020, corona ilipokuwa bado ugonjwa wa mbali, wa Wuhan. Tarehe 14 mwezi huo Waziri wa Afya wa Rwanda, Dkt. Diane Gashumba, alijiuzulu. Siku hizo hizo viongozi wa nchi walikuwa wakikutana kwenye Umwiherero, kikao chao cha kila mwaka, na Rais Paul Kagame akaeleza hadharani mojawapo ya mambo yaliyomkera. Lilikuwa limezuka suala la kuwapima viongozi kabla hawajaketi pamoja. Kwa maelezo ya Rais, taarifa aliyopewa ni kwamba vifaa vilivyopo vinatosha kupima watu 3,500. Vilipofuatiliwa, vikaonekana 95.

Wakati huo Rwanda haikuwa na mgonjwa hata mmoja aliyethibitishwa. Hakuna aliyekuwa amefungiwa ndani, hakuna aliyevaa barakoa, hakuna chanjo ya kubishania. Hata hivyo suala zima la miaka miwili iliyofuata lilikuwa limeshatua mezani: mtaalamu anaposema "tunavyo" au "tunajua", ghalani kuna nini hasa? Na mwananchi, ambaye ufunguo wa ghala hana, atajuaje?

Mwezi mmoja baadaye, 14 Machi, mgonjwa wa kwanza akatangazwa, msafiri aliyetoka Mumbai. Tarehe 21 Machi nchi ikafungwa, miongoni mwa nchi za kwanza kusini mwa Sahara kuchukua hatua hiyo. Yaliyofuata msomaji anayakumbuka: mabomba ya kunawia mikono kwenye stendi ya Nyabugogo, pikipiki zilizokatazwa kubeba abiria, droni za polisi zenye vipaza sauti juu ya mitaa mitupu, na kila jioni jedwali la Wizara ya Afya lenye idadi ya waliopimwa, walioambukizwa, waliopona na waliofariki.

Mimi katika jedwali hilo huangalia kwanza idadi ya waliopimwa. Nchi iliyokuwa na vifaa 95 mwezi Februari ilikuwa ikipima maelfu ya watu kwa siku kufikia katikati ya mwaka. Vifaa vingi vilinunuliwa, vingine vilitolewa msaada. Lakini sehemu ya siri ya ongezeko hilo ilikuwa hesabu, na hesabu hiyo naomba niieleze taratibu, kwa sababu ndani yake nimeona jambo ambalo matangazo mengi ya wataalamu wa afya yalilikosa.

Profesa Leon Mutesa ni daktari wa jenetiki wa Chuo Kikuu cha Rwanda. Ni miongoni mwa watafiti waliochunguza jinsi mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yalivyoacha alama katika miili ya akina mama waliokuwa wajawazito wakati huo, na katika miili ya watoto wao. Mtu aliyezoea kazi ya namna hiyo ndiye aliyejikuta kwenye kikosi kazi cha corona, mbele ya tatizo la uhaba: watu ni wengi, kipimo cha maabara ni ghali, na ugonjwa haungoji bajeti. Alishirikiana na Wilfred Ndifon, mwanahisabati wa taasisi ya AIMS iliyopo Kigali, pamoja na wenzao kadhaa. Walichokipata kilichapishwa katika jarida la Nature mwezi Oktoba 2020.

Chukua watu 27. Wapange kwenye nyumba ya ghorofa tatu, kila ghorofa vyumba tisa, yaani safu tatu za vyumba vitatu vitatu. Kila mtu na chumba chake. Kila mmoja anachukuliwa sampuli ya puani au kooni mara moja tu, na sampuli hiyo inagawanywa kidogo kidogo. Kwanza changanya sampuli za wote 27 kwenye chupa moja na kuipima. Ikiwa safi, watu 27 wanakwenda nyumbani kwa gharama ya kipimo kimoja. Mutesa na wenzake walionyesha katika maabara kwamba sampuli moja yenye virusi inaweza kugundulika hata ikichanganywa na 99 zisizo navyo, kwa hiyo 27 si wengi.

Chupa ikionyesha virusi, ndipo nyumba inapofanya kazi. Changanya tisa wa ghorofa ya chini, tisa wa katikati, tisa wa juu: chupa tatu. Kisha changanya wote wa safu ya mbele bila kujali ghorofa, wote wa safu ya kati, wote wa nyuma: chupa tatu nyingine. Mwisho wa kushoto, wa katikati, wa kulia: chupa tatu tena. Jumla tisa. Aliyeambukizwa akiwa mmoja tu, katika kila kundi la chupa tatu itajibu moja. Ghorofa ya juu, safu ya nyuma, upande wa kushoto: chumba kimejulikana, na hakuna aliyeitwa tena kuchokonolewa pua mara ya pili. Nyumba yenye pande nne haichoreki kwenye karatasi, lakini hesabu haijali michoro, nayo inawabeba watu 81 kwa vipimo 12.

Nimevirudia vile vifaa 95. Tukichukulia kila kimoja ni kipimo kimoja, na makundi ya watu 27 yakawa hayana mgonjwa yeyote, 95 vinawatosha watu 2,565. Februari 2020 njia hiyo ilikuwa bado haijabuniwa, wala simlaumu mtu kwa kutoijua. Naona tu jinsi namba ile ile iliyoleta fedheha ilivyoweza kusemwa bila haya, laiti ingesemwa kama ilivyo: tunavyo 95, na hiki ndicho tunachoweza kufanya navyo.

Kilichonivuta zaidi ni mahali ambapo hesabu hiyo inakoma. Weka wagonjwa wawili ndani ya nyumba, mmoja ghorofa ya chini mbele kulia, mwingine juu nyuma kushoto. Sasa ghorofa mbili zinajibu, safu mbili zinajibu, pande mbili zinajibu. Vyumba vinavyoshukiwa ni vinane, na ukweli umo katika viwili. Inabidi kupima tena. Kadiri ugonjwa unavyosambaa ndivyo makundi yanavyopaswa kupunguzwa, mpaka inafika mahali kuchanganya kunapoteza maana na kila mtu anapimwa peke yake. Mutesa na Ndifon hawakulificha hilo. Kwenye kichwa chenyewe cha makala yao wameandika kwamba njia hiyo ni ya wakati ambapo maambukizi ni machache. Yaani walitoa ushauri, na papo hapo wakataja siku utakapokoma kufaa.

Sasa linganisha na barakoa. Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilikuwa likisema mtu mzima asiye mgonjwa, asiyehudumia mgonjwa, hana haja ya kuivaa. Tarehe 28 mwezi huo shirika hilo likatangaza kwa herufi kubwa kwamba corona haisambai kwa hewa. Aprili, Rwanda ikawaamuru wananchi wote wavae barakoa hadharani, na viwanda vya nguo vya ndani vikaruhusiwa kuzishona. Shirika la Afya Duniani lenyewe lilikuja kushauri barakoa za kitambaa kwa umma tarehe 5 Juni, na suala la hewa likachukua muda mrefu zaidi kusahihishwa. Mwenye duka wa Nyamirambo aliyesikiliza redio yake kwa uaminifu aliambiwa asivae, kisha akaambiwa asipovaa ataadhibiwa, ndani ya majuma machache.

Sababu zilikuwapo. Barakoa zilikuwa adimu duniani na wauguzi walizihitaji kwanza. Ushahidi kuhusu watu wanaoambukiza bila dalili ulikuwa ukijengeka polepole. Laiti ushauri wa Machi ungetolewa kama Mutesa alivyotoa hesabu yake, ungesomeka hivi: kwa sasa waachieni wauguzi, kwa kuwa hazitoshi, zikitosha, au tukithibitisha kwamba asiye na dalili huambukiza, tutawaambia mvae. Mtu aliyeambiwa hivyo Machi hashangai Aprili. Ila aliyeambiwa kwa mkato kwamba haina haja ana haki ya kuuliza ni lipi jingine aliloambiwa kwa mkato.

Vivyo hivyo saa ya kurudi nyumbani. Mei 2020 ilikuwa saa mbili usiku. Mwishoni mwa Agosti ikarudishwa saa moja. Ikalegezwa, ikakazwa, na Januari 2021 Kigali ikafungwa upya. Watu walisubiri tangazo la baraza la mawaziri jinsi wakulima wanavyosubiri mvua, na wengi walitii.

Walitii. Hapo ndipo ninapokwama. Utafiti wa kimataifa wa taasisi ya Wellcome, uliofanywa mwaka 2018 na kuchapishwa mwaka uliofuata, uliikuta Rwanda kileleni: asilimia 97 walisema wana imani na hospitali na zahanati zao. Namba hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Nyuma yake kuna bima ya afya ya mutuelle, kuna washauri wa afya wa vijijini waliochaguliwa na majirani zao, kuna chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi iliyowafikia wasichana walio wengi tangu 2011. Mama aliyeona mtoto wake akipona malaria mikononi mwa jirani aliyefunzwa anajua kwa nini anaamini.

Lakini Kigali hiyo hiyo iliwalaza viwanjani waliokamatwa nje baada ya saa, wakahutubiwa kuhusu corona mpaka alfajiri. Human Rights Watch iliandika Aprili 2020 kuhusu watu kukamatwa na kuteswa wakati wa zuio. Na Januari 2022, cheti cha chanjo kilipokuwa ndiyo ruhusa ya kupanda basi, Wanyarwanda zaidi ya mia moja waliripotiwa kuvuka Ziwa Kivu kwa mitumbwi hadi kisiwa cha Idjwi, upande wa Kongo, wakiikimbia sindano. Wengine walikwenda na watoto wao.

Mia moja kati ya watu milioni kumi na tatu ni wachache mno. Hata hivyo nashindwa kuwaweka kando. Anayevaa barakoa kwa kuamini na anayeivaa kwa kumwogopa askari, kwenye picha wanafanana. Jedwali la jioni halina safu ya kuwatenganisha. Je, wangapi walibaki ufukweni kwa sababu tu hawakuwa na mtumbwi?

Usidhani kwamba kunyamaza kungesaidia. Ng'ambo ya daraja la Rusumo, Tanzania iliacha kutoa idadi ya wagonjwa karibu na mwanzo wa Mei 2020, ikabaki 509, na siku hizo hizo Rais John Magufuli akatilia shaka vipimo vyenyewe, akidai sampuli za papai na mbuzi zilionyesha virusi. Dereva wa lori aliyetoka Dar es Salaam alitoka nchi isiyo na jedwali, akaingia nchi yenye jedwali kila jioni, na kipimo chake mpakani kikawa chanzo cha mzozo wa serikali mbili. Ilichukua mpaka Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipochanjwa hadharani, ndipo kazi ya kuirudisha imani ianze kwa uzito. Kati ya kosa la kubadilisha kauli na kosa la kufunga mdomo, mimi nachagua la kwanza bila kusita.

Septemba 2024 Kigali ilijaribiwa tena, safari hii kwa ugonjwa wa virusi vya Marburg. Aliyesimama mbele ya wanahabari alikuwa Dkt. Sabin Nsanzimana, aliyeongoza kituo cha taifa cha afya, Rwanda Biomedical Centre (RBC), mwaka 2020, akasimamishwa kazi Desemba 2021, kisha akarudi kama waziri Novemba 2022. Jedwali likarudi pia. Lakini niliona tofauti. Chanjo iliyoanza kutolewa tarehe 6 Oktoba, wahudumu wa afya wakiwa wa kwanza, ilitajwa waziwazi kuwa ya majaribio, isiyo na kibali cha kawaida. Na mwisho wa mlipuko ulipewa sharti mapema: siku 42 mfululizo bila mgonjwa mpya baada ya mgonjwa wa mwisho kupona, akitokea mmoja hesabu inaanza upya. Kila mtu aliweza kuhesabu mwenyewe. Tarehe 20 Desemba siku zilitimia. Walioambukizwa walikuwa 66, waliofariki 15, wengi wa walioambukizwa wakiwa wahudumu wa afya, yaani wale wale ambao nchi iliwategemea wawe na majibu.

Siku 42 zinanipa moyo kuliko asilimia 97. Zinamfanya mwananchi awe shahidi wa ushauri, si mpokeaji tu.

Kwa hiyo naziomba wizara zetu za afya, Kigali, Dodoma, Nairobi, Kampala, Bujumbura na Kinshasa. Mlipuko mwingine ukija, tangazo la kwanza liwe na mistari miwili ya ziada: tunalosema leo limetegemea nini, na kitu gani kikitokea tutasema tofauti. Na ghalani vikiwamo 95, mtuambie 95.