Zebaki, Zinki na Malengelenge

Mji wa El Bagre, kaskazini mwa Kolombia, unaishi kwa dhahabu. Wachimbaji wadogo wa huko hufanya kama wenzao wa Geita na Migori: mchanga uliosagwa huchanganywa na zebaki, zebaki inanasa chembe za dhahabu, kisha donge linachomwa mpaka zebaki igeuke mvuke. Mvuke huo humwingia anayechoma na walio jirani naye. Katika eneo hilohilo madaktari wamekuta pemfigasi folasia, ugonjwa wa malengelenge ulio nadra kwingineko, umepiga kambi, na wengi wa wanaougua ni wanaume.

Seli za ngozi hushikana kwa protini ziitwazo desmogleini, nazo haziwezi kushika bila kalsiamu. Kwa mgonjwa wa pemfigasi, kinga ya mwili hutengeneza kingamwili zinazoishambulia desmogleini yenyewe. Seli zinaachana, maji yanajaa katikati, lengelenge linatokea. Daktari akisugua kwa kidole ngozi iliyo kando ya kidonda, hata ikionekana nzima, tabaka la juu huteleza na kuchubuka. Folasia hulenga desmogleini 1, ambayo kazi yake kubwa iko juujuu, kwa hiyo malengelenge hupasuka upesi na kuacha magamba, na kinywa husalimika. Ndugu yake, pemfigasi vulgarisi, hulenga desmogleini 3 na mara nyingi huanzia kinywani.

Je, zebaki ndiyo mkosaji? Watafiti waliikuta katika ngozi ya wagonjwa wa El Bagre, lakini kuikuta kwa watu wa machimboni si ajabu. Isitoshe, Brazili ina ugonjwa wa namna hiyohiyo, na huko wanaoshukiwa zaidi ni usubi na wadudu wengine wanaouma. Ushahidi wenye uzito zaidi umetoka maabara: panya wa aina ya Brown Norway wakipewa chumvi ya zebaki, kinga yao huigeukia miili yao wenyewe, panya wa aina ya Lewis hawadhuriki hivyo. Kwa maneno mengine, sumu peke yake haitoshi. Inategemea imeingia katika mwili wenye urithi gani.

Na si machimboni tu. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliripoti kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa wao wa figo zinazovujisha protini walikuwa wakijipaka krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Mkorogo ulipakwa usoni, ukaumiza figo.

Kuna upande wa pili: madini ambayo mwili unayahitaji. Tafiti kadhaa zimepima damu ya wenye pemfigasi na kukuta zinki au seleni imepungua. Wauza vidonge hulipenda sana jambo hili. Mimi nasita. Zinki husafiri katika damu ikiwa imebebwa na albumini, na mtu mwenye vidonda mwili mzima hupoteza protini kwenye majimaji ya vidonda hivyo. Tena uvimbe wowote mkubwa huishusha zinki ya damu. Upungufu huo basi unaweza kuwa matokeo ya ugonjwa, wala si chanzo chake. Na anayemeza zinki kupita kiasi kwa muda mrefu huishia kukosa shaba.

Kinachonishangaza zaidi ni penisilamini. Dawa hii hunasa shaba na kuitoa mwilini kwa wenye ugonjwa wa Wilson, na imetumika pia kutibu baridi yabisi. Baadhi ya waliotumia walipata pemfigasi. Dawa ya kuondoa metali nayo ikaleta malengelenge! Inashukiwa sehemu yake yenye salfa, ambayo huweza kujishikiza kwenye protini za ngozi.

Ukiwa na malengelenge au vidonda vya kinywa visivyopona kwa wiki kadhaa, muone daktari wa ngozi, akate kipande kidogo cha ngozi kipimwe. Mweleze unafanya kazi gani, unapaka nini na unameza dawa zipi. Vidonge vya zinki visubiri majibu.