Kazi Inayotoka Chini ya Miguu Yako

Ndugu msomaji, jibu kwanza ulizo hili moja: mtoto wako akija jioni na kukuambia, "Baba, mimi nataka kuwa mchezaji wa ngoma," utamwambia nini?

Najua jibu lako, kwa maana mimi mwenyewe nililitoa. "Ile si kazi." Tumesema hivyo kwa vijana wengi. Kazi ni ofisi. Kazi ni kufundisha masomo. Ao basi kazi ni shimo, kwa sababu shimo linaweza kukupa jiwe siku moja, na jiwe litajenga nyumba. Lakini kupiga gitari, kuchonga mti, kucheza, kusimulia, hayo tuliyaita mambo ya wavivu.

Leo nataka kukuambia habari ya mtoto mmoja wa Ubundu, ili tupime tena maneno yetu.

MTOTO WA NJIA YA GARI MOSHI

Wewe uliyefika Ubundu unaijua. Wakati wa Wabelgiji waliiita Ponthierville. Pale mto wetu mkubwa unaanza kuanguka juu ya mawe, maporomoko saba mpaka Kisangani, na mashua haiwezi kupita. Ndiyo sababu walijenga njia ya gari moshi ya kilometa 125, iliyomalizika mwaka 1906. Inaanza ngambo ya kushoto ya Kisangani, pale Lubunga, na inafika Ubundu. Kisha ikaja miaka mingi ambapo gari moshi ilipita mara chache sana. Watu wakatembea na miguu, ao wakasukuma baiskeli, zile tunaita kinga, zenye kubeba mizigo mikubwa ndani ya msitu.

Hapo Ubundu alizaliwa, mwaka 1974, Faustin Linyekula. Pengine hujasikia jina lake, lakini katika Ulaya na Marekani watu wanalipa tiketi ili kumwona akicheza. Sehemu ya utoto wake aliipitisha Obilo, kijiji kilicho kando ya njia hiyo ya gari moshi. Baadaye alisoma Kisangani mambo ya vitabu na ya tiatri. Katika miaka ya 1990 akaenda Nairobi, na kule, mwaka 1997, pamoja na Opiyo Okach na Afrah Tenambergen, akaanzisha kikundi cha ngoma ya kisasa kilichoitwa Gàara. Katika Kenya kilikuwa kikundi cha kwanza cha namna hiyo.

Mwaka 2001 akarudi Congo. Ndugu, kumbuka mwaka ule! Nchi ilikuwa imekatwa vipande na vita. Mwaka mmoja mbele yake, mwezi wa Juni 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana siku sita ndani ya mji wa Kisangani, na mabomu yakaanguka juu ya nyumba za watu wasiokuwa na neno. Mwenye kupata njia alikimbia. Yeye akarudi. Akafungua Kinshasa nyumba ya kazi, akaiita Studios Kabako. Kabako lilikuwa jina la rafiki yake aliyekufa kwa ugonjwa wa tauni. Na mwaka 2006 akaihamisha kazi ile Kisangani, karibu na kwao.

ALIKUTA NINI?

Alikuta mabomoko. Mwenyewe amesema mara nyingi kwamba urithi alioupata ni chungu ya mabomoko: nyumba zilizoanguka, marafiki waliokufa, majina ya nchi yaliyobadilishwa, hadithi ambazo hakuna mtu anayezikumbuka vizuri.

Wewe mchimbaji utaelewa jambo hili kuliko mwalimu wa tiatri. Ukifungua shimo, unakuta udongo, maji machafu na kokoto. Huwezi kulaani kokoto. Unaitia ndani ya chekeche na unaiosha, mara moja, mara mia. Ndivyo alivyofanya na mabomoko yake. Alichukua kile kilichokuwa chini ya miguu yake, akakiosha.

Angalia kazi zenyewe. Mwaka 2009 alitengeneza mchezo pamoja na Flamme Kapaya. Huyo unamjua! Ni mtoto wa Kisangani, mpiga gitari ambaye vidole vyake vilichezesha nchi nzima alipokuwa na Werrason. Muziki ule ule wa ndombolo unaousikia kwenye baa, wakautumia kuuliza: vijana wetu wana kesho gani? Maneno ya mchezo yaliandikwa na Antoine Vumilia Muhindo, mtu aliyekuwa amefungwa katika gereza Kinshasa. Basi walikutana watu watatu, mmoja na miguu yake, mmoja na gitari yake, mmoja na kalamu ndani ya gereza.

Mwaka 2011 alicheza peke yake mchezo unaoitwa Le Cargo. Ndani yake anasimulia safari ya kurudi Obilo, kutafuta ngoma alizozisikia alipokuwa mtoto. Njia ile ya gari moshi ambayo mimi na wewe tunaihesabu kuwa taabu tupu, kwake ilikuwa shimo lenye mali.

Na mwaka 2017 alialikwa katika nyumba kubwa ya makumbusho ya New York, ile ya Metropolitan. Ndani ya ghala zao kulikuwa sanamu ya mti ya Walengola, kabila la mama yake. Sanamu ya msitu wetu, imelala ngambo ya bahari! Kutokana na jambo hilo akatengeneza ngoma, akaipa jina Banataba, kijiji cha ukoo wa mama yake. Akaicheza ndani ya nyumba ile ile. Mimi nikisikia habari hiyo ninafikiri juu ya wazee wetu waliochonga. Hakuna aliyewaambia kwamba ile ilikuwa kazi, lakini leo vitu vyao vinafungiwa na kulindwa kama feza.

KAZI YA KILA SIKU

Vijana wengi wanafikiri msanii anangojea roho imshukie, kisha anasimama na kucheza. Hapana. Ngoma ambayo watu wanaitazama kwa saa moja imefanyiwa mazoezi siku nyingi, hatua moja inarudiwa mpaka mwili unaijua wenyewe. Linyekula anajiita msimulizi wa hadithi. Anaona mwili wake kuwa kama sanduku la ukumbusho: mambo yasiyoandikwa katika kitabu yanalala katika mgongo, katika mabega, katika miguu. Lakini sanduku lisilofunguliwa linaingia wadudu. Lazima kulifungua kila siku.

Jambo hilo si geni kwetu. Tazama Wagenia pale Kisangani. Wanasimamisha miti mikubwa katikati ya maji yenye nguvu, wanafunga kamba, wanatia vikapu vyao virefu. Mto ukivunja, wanasimamisha tena. Mtu anaingia ndani ya maji kutazama kikapu chake hata siku ambayo hakuna samaki, juu asipotazama leo, kesho hatakuwa na kikapu.

Tazama vilevile vijana wa toleka wanaobeba watu juu ya kinga. Mmoja alinieleza desturi yake: "Pasta, mimi naamukaka saa kumi na moja. Naosha kinga, natia mafuta kwa mnyororo, nafunga mto wa kukalia. Mutu akiona kinga iko safi, anapanda." Hakujifunza biashara katika masomo yoyote.

Na kuna mama mmoja anayeuza mikate kando ya njia ya wachimbaji. Anakoroga unga usiku, anaamka saa tisa kuwasha moto, na saa kumi na mbili beseni imejaa. Anayekopa anaandikwa katika daftari la mtoto. Nilimwuliza kama haoni wivu mchimbaji akipata jiwe kubwa. Akacheka. "Pasta, watu ya shimo bananngojea jiwe. Mimi nangojea asubui. Asubui inafikaka kila siku."

Sisemi shimo si kazi. Wengi wenu mnalisha watoto kwa shimo, na jasho lenu ni la kweli. Nasema tu kwamba shimo lina hatari moja ambayo haiko katika udongo: linatufundisha kungojea siku moja na kudharau siku zingine zote.

KAZI INAYOWAPA WENGINE KAZI

Labda unasema: huyo ametajirika peke yake, anapanda ndege, ametusahau. Basi sikia. Studios Kabako si mtu mmoja. Vijana wamefundishwa pale kucheza, kuandika, kurekodi muziki, kutengeneza filamu. Mchezo mmoja unahitaji mtu wa taa, mtu wa sauti, fundi wa nguo, mpishi, mwenye kubeba vyombo. Na Kabako wakavuka mto, wakaenda kufanya kazi na watu wa Lubunga, ile ngambo ambayo gari moshi inaanzia. Kwa ajili ya kazi hiyo ya Kisangani, mwaka 2014 walipewa tuzo na shirika la Curry Stone la Marekani.

Inafaa tuseme na shida pia, tusidanganye watoto. Katika miji yetu ni watu wachache wanaoweza kulipa tiketi ya kutosha kulisha wachezaji. Msaada na malipo yametoka sana ngambo. Msanii wa kwetu lazima ajue kuhesabu, kuandika barua, kutunza feza, na kuvumilia miezi isiyo na kitu. Kipawa bila daftari kinakufa na njaa, sawa na biashara yoyote.

KOSA LANGU

Sasa ninapaswa kukuambia kwa nini nimeandika haya.

Nilipokuwa mchungaji kijana, wazazi wawili walinijia na mtoto wao. Alikuwa na miaka kumi na minne hivi. Alikuwa ametengeneza gitari kwa kopo la mafuta na nyuzi za breki za kinga, naye alikuwa anaipiga vizuri mpaka watu walisimama njiani. Baba yake akasema, "Pasta, sema naye." Nikasema naye. Nilitumia maneno mengi. Nilimwambia gitari itampeleka kwenye baa, na baa itampeleka kwenye kifo. Nilimwambia atafute kazi.

Akatii. Akaiacha gitari, akaenda kwenye machimbo ya almasi. Alikaa kule miaka sita.

Nilikutana naye aliporudi. Mgongo ulikuwa umeharibika, na jiwe hakuleta. Nilimwuliza habari ya gitari. Akanionyesha mikono yake. "Pasta, vidole vimekuwa vigumu. Havisikii tena." Nikamwomba msamaha. Akatabasamu, akasema kwa adabu, "Haizuru, Pasta."

Lakini mimi najua inazuru. Nilikuwa nimesoma Kutoka 31, habari ya Bezaleli, fundi wa kuchonga na wa kupamba, ambaye Mungu alimjaza Roho wake kwa ajili ya kazi ya mikono. Niliifundisha hata katika masomo ya siku ya Yenga. Siku mtoto yule aliposimama mbele yangu na kopo lake, sikuikumbuka.

UFANYE NINI?

Ndugu baba, ndugu mama, mtoto wako akionyesha kipawa, usikimbilie kumsifu wala kumfukuza. Mpe saa moja kila siku, na uone kama anairudia hata siku asiyopendezwa. Hapo utajua kama ni kazi ao ni mchezo. Mfundishe kuandika anachopata na anachotumia. Mtafutie mzee anayejua kazi ile, akae karibu naye. Na asiache masomo: Linyekula naye alipita katika vitabu.

Na wewe kijana, usiseme, "Kwetu hakuna kitu." Mwaka 1951 watu wa sinema walitoka Marekani na Uingereza mpaka mto Ruiki, karibu na Ubundu, kupiga picha za filamu ya The African Queen. Walivuka bahari ili kutafuta kile ambacho wewe unakipita kila asubuhi ukienda kuoga.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Katika jamaa yetu, nani ana kipawa ambacho tumekidharau? Tulimwambia maneno gani?

2. Ni kazi gani tunaifanya kila siku, hata kama leo haikuleta feza?

3. Ngoma, hadithi na ufundi wa babu zetu, nani bado anaujua? Tutamtembelea siku gani, mbele hajatuacha?