Je, Wajua? Kisu cha Pua Hugusa Pumzi

Alfajiri ya Timau, baridi ya Mlima Kenya ikiwa bado mashambani, mkulima huvuta hewa inayotia vidole ganzi, lakini mapafu yake hayaihisi baridi hiyo. Kazi imefanywa na pua. Katika safari fupi ya urefu wa kidole tu, kutoka tunduni hadi nyuma ya koo, hewa hupashwa moto hadi kukaribia joto la mwili, hutiwa unyevu, na vumbi lake hunaswa na vinyweleo na kamasi. Mtu mzima huvuta takriban lita 10,000 za hewa kwa siku, na nyingi hupitia humo.

Ndani kuna ukuta unaotenga tundu la kulia na la kushoto. Nyuma ukuta huo ni mfupa, mbele ni gegedu. Kwenye kuta za pembeni zimetokeza nyama zenye damu nyingi, na hizo ndizo zinazopasha hewa joto. Huvimba upande mmoja huku zikinywea upande wa pili, kisha hubadilishana zamu baada ya saa kadhaa. Kwa hiyo hata mtu mwenye afya njema huwa na tundu moja lililobana kuliko jingine. Asiyelijua hilo hununua dawa ya kupuliza ya kuzibua pua, akaitumia wiki baada ya wiki hadi pua ikaizoea, na akiiacha inaziba kuliko mwanzo. Dawa za aina hiyo ni za siku chache, zisizozidi wiki moja.

Mgonjwa anayefika kwa daktari wa pua huja na moja kati ya haja mbili: apumue vizuri, au apendeze. Watu huzizungumzia kana kwamba ni pua mbili tofauti. Sivyo. Mfupa na gegedu vinavyoipa pua sura ndivyo vinavyoshikilia njia ya hewa isiporomoke, na anayegusa kimoja amegusa kingine.

Huku Meru na Embu, pua nyingi hupindishwa na ajali. Bodaboda huteleza kwenye tope la Igembe au vumbi la Mbeere, abiria asiye na helmeti huanguka kifudifudi, na mfupa wa pua, ulio mwembamba na uliochomoza mbele ya uso, huvunjika. Mpira na ugomvi huongeza wengine. Damu ikikatika, majeruhi husema ni pua tu, akarudi nyumbani. Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu hapo ndipo pua nyingi huharibikia.

Gegedu la ule ukuta wa kati halina mishipa ya damu yake lenyewe. Hulishwa na utando uliolifunika pande zote. Pigo likivujisha damu kati ya utando na gegedu, utando huinuka na gegedu hukosa chakula. Ndani ya siku tatu hivi huanza kufa, usaha unaweza kuingia, na baada ya hapo mgongo wa pua hubonyea katikati kama tandiko la punda. Dalili za damu hiyo iliyokusanyika ni pua iliyoziba, mara nyingi pande zote mbili, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, na uvimbe laini, mwekundu au wa zambarau, unaoonekana ndani ya tundu. Watoto hupatwa kwa urahisi zaidi, hata kwa pigo lisiloonekana kubwa. Tiba ni kuipasua sehemu hiyo kidogo na kutoa damu, siku hiyo hiyo. Hakuna haja ya kungoja picha za eksirei: daktari huliona tatizo hili kwa tochi na kwa kugusa. Na ikiwa baada ya pigo la kichwa pua inatiririsha maji meupe kama ya kunywa, huenda ni maji ya ubongo, nayo ni dharura.

Mfupa uliovunjika wenyewe unaweza kungoja uvimbe upungue, siku tatu hadi tano, ili upindo uonekane. Kisha hurudishwa mahali pake kwa mkono wa mtaalamu kabla ya wiki mbili kwisha, na kwa mtoto mapema zaidi. Ukipita muda huo, mfupa umeshaunga vibaya. Sasa inabidi kusubiri miezi kadhaa, kisha kuuvunja upya chini ya nusukaputi. Kazi ya dakika chache imegeuka kuwa upasuaji mkubwa wenye gharama kubwa.

Upasuaji wa kutengeneza upya nyuso una mizizi ya heshima Afrika Mashariki. Madaktari watatu walioanzisha huduma ya madaktari warukao mwaka 1957, ambayo leo ni Amref, yaani Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, wote walikuwa wataalamu wa upasuaji huo. McIndoe alijulikana kwa kutengeneza nyuso za marubani walioungua katika Vita Kuu ya Pili. Rees baadaye akawa miongoni mwa wapasuaji mashuhuri wa pua na uso jijini New York. Ustadi ule ule unaompa tajiri sura anayoitaka ndio unaomrudishia majeruhi uso wake.

Kuhusu sura, nina neno la wazi. Vipimo vingi vya pua nzuri vilivyojaa vitabuni vilichorwa kwa kutazama nyuso za Wazungu. Utafiti wa wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba upana wa matundu ya pua huendana na joto na unyevu wa nchi walikoishi mababu. Pua pana si kasoro ya kusahihishwa. Aliyeazimia kubadilisha yake baada ya kufikiri ana haki yake, ila ajue kwamba matundu yakipunguzwa kupita kiasi, kuyapanua tena ni kazi ngumu, na pumzi hubana. Kwa pua za Kiafrika, mpasuaji mzuri mara nyingi huongeza badala ya kukata: huchukua gegedu la ukuta wa pua, la sikio au la ubavu wa mgonjwa mwenyewe, akainua mgongo wa pua na kuipa ncha nguvu.

Mgonjwa atarajie nini? Kwa kawaida atalazwa kwa nusukaputi kwa saa kadhaa. Ataamka na kifaa kigumu juu ya pua, kinachokaa wiki moja hivi. Macho yatavimba na kuvilia damu, na hali hiyo hupungua katika wiki mbili. Atapumulia mdomo siku za mwanzo, atalala kichwa kikiwa juu, hatapenga kamasi, na akipiga chafya aache mdomo wazi. Kubeba magunia, kulima na kucheza mpira kunangoja wiki nne hadi sita. Jambo linalowavunja wengi moyo ni uvimbe wa ncha: ngozi ya pua iliyo nene hunywea polepole, na sura ya mwisho huonekana baada ya mwaka mmoja au zaidi. Wapo pia wanaohitaji kurudi mezani mara ya pili, na daktari asiyekuambia hivyo mapema hajakutendea haki.

Kuna jambo linalotuhusu sisi hasa. Miraa ya Nyambene na muguka wa Embu ni mmea mmoja, na kemikali yake, kathinoni, huharakisha moyo na kupandisha shinikizo la damu. Katika upasuaji wa pua, madaktari hudunga adrenalini ili kupunguza utokaji wa damu, nayo huusukuma moyo vilevile. Anayetafuna akalificha jambo hilo anajiweka hatarini. Mwambie mtaalamu wa nusukaputi bila haya: unatafuna, unavuta sigara, umemeza aspirini au dawa za mitishamba. Anauliza ili uamke salama.

Hospitali za rufaa za umma za Meru na Embu ndizo mahali pa kuanzia kwa pua iliyovunjika au isiyopitisha hewa. Wataalamu wa upasuaji wa urembo wengi wako Nairobi, na bima kwa kawaida hazilipii urembo. Kabla ya kutoa shilingi yako ya kwanza, tafuta jina la daktari katika orodha ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, uone kama amesajiliwa na katika utaalamu gani. Kisha muulize swali moja: baada ya kazi yako, nitapumua vipi? Akikujibu kwa picha za watu warembo tu, ondoka.